Betri ya Gari la Viti Viwili

Wewe unayenisikiliza, huhitaji kujua lolote kuhusu magari ili unifuate. Kila kitu nitakieleza kinapofika, na ukikuta jambo unalolijua tayari, nivumilie kidogo. Nimezoea kusema na watu wanaoanza, na sioni aibu yoyote katika kuanza. Ninafundisha umeme wa magari katika chuo kimoja mjini Thika. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na wanafunzi, na majirani, hata na mhubiri wetu, ni hili: betri ya gari langu imekufa, ninunue ipi? Jibu ninalo. Lakini kila ninapoanza kulitoa namkumbuka baba yangu, na kiti cha pili cha gari lake.

Wazazi wangu wanaishi Gatongora, upande wa Ruiru, katika nyumba waliyohamia baba alipostaafu. Kabla ya hapo tulikaa kijijini, juu ya Thika, na baba alikuwa akishuka kila siku kwenda kazini katika kiwanda cha nguo. Sisi watoto watano tulikulia ndani ya pikapu. Miaka hiyo yote mama alisafiri akiwa amempakata mmoja wetu, mwingine amebanwa kati yake na gia, na mara nyingi kuku miguuni. Sikumbuki hata safari moja ambayo kiti chake kilikuwa chake.

Baba alipostaafu aliiuza pikapu akanunua gari la spoti. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, rangi ya kijani iliyoiva, fupi hata ukisimama kando yake paa linakufika kifuani. Paa lenyewe ni la turubai nene na linakunjwa nyuma kama mwavuli. Viti ni viwili tu. Tulipomuuliza wajukuu watakaa wapi, alijibu, “Hao wana wazazi wao.” Kisha akaongeza, bila kumtazama yeyote, “Hii ni ya mimi na mama yenu.”

Walikwenda nalo kanisani, sokoni na kwa wagonjwa, na mama akalizoea, ingawa kutoka humo alihitaji kuvutwa mkono. Ndipo siku moja, wakitoka kumwona shangazi, baba akasimama Kamakis, penye wachomaji wengi kando ya barabara, kununua nyama ya kupeleka nyumbani. Akazima gari. Aliporudi na mfuko wake, alizungusha ufunguo na gari likasema “tik” likanyamaza. Vijana wa kuosha magari wakasogea.

“Buda, hii ndae ni ya kuendesha ama ya kusukuma?”

“Sukumeni, msiongee,” baba akasema.

Mama akataka kushuka. “Mathe, kaa tu! Wewe ni VIP, tunakubeba na kila kitu.”

Basi mama akabaki amekaa chini kabisa, paa limefunguliwa, kitambaa cheupe cha chama cha akina mama wa kanisa kichwani, akipitishwa polepole mbele ya watu waliotoka na sahani zao za nyama kutazama. Gari halikuwaka msukumo wa kwanza wala wa pili. Mchomaji mmoja akamnyooshea kipande cha mutura kwenye kijiti: “Kula, mathe, safari ni ndefu.” Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu, na kwetu wanaoula kando ya barabara ni wanaume, tena wakiwa wamesimama. Mama aliupokea kwa kukosa namna ya kuukataa kwa adabu. Wakati huohuo akapita mwenzake wa chama cha kanisa, akampungia mkono.

Mwishowe gari liliwaka, wakafika nyumbani. “Mzee,” akasema, “ile pikapu ilikuwa mbaya lakini haikuniaibisha. Hii ikinizimikia tena mara moja tu, hicho kiti utawekea gunia la viazi.”

Mama hasemi jambo mara mbili. Na jambo hili lilikuwa na siku yake. Sisi watoto tulikuwa tumeandaa ibada ya shukrani kwa miaka ya ndoa yao katika kanisa la Thika walikofungia ndoa, na baba alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba wataingia uwanja wa kanisa wawili tu, paa likiwa wazi. Gari likizima tena na mama yumo ndani, baba ataingia uwanjani na kiti kitupu kando yake. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha baba usingizi. Alijua ni betri. Alilojiuliza ni betri gani.

Ungedhani mtu mwenye binti anayefundisha umeme wa magari angempigia simu. Hakunipigia mpaka alipokuwa ameshanunua, na ninaelewa ni kwa nini. Kijijini kwetu baba ndiye alikuwa mtu wa betri. Nguzo za stima zilikuwa hazijafika, lakini televisheni tulikuwa nayo, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na iliendeshwa na betri. Kila Jumamosi asubuhi baba aliifunga betri kwenye baiskeli kwa mpira wa tyubu, akaipeleka sokoni kuchajiwa, na jioni akarudi nayo. Nusu ya kijiji ilijaa sebuleni kwetu. Betri ikianza kuchoka picha ilisinyaa kutoka pembeni, watangazaji wakawa wembamba, na watu wakajua ni wakati wa kuaga. Wanaume waliotaka televisheni zao walikuja kumwomba baba awachagulie betri. Aliichagua kwa kuibeba. Aliinua kwa mikono miwili, akatulia, akafumba macho. “Betri nyepesi ni maji tu,” alikuwa akisema. Na kwa kazi ile alikuwa sahihi. Uzito wa betri ni risasi, yale mabamba ya madini yaliyomo ndani, na betri yenye mabamba manene ndiyo inayofaa kwa televisheni inayokunywa umeme kidogo kidogo jioni nzima.

Sasa hebu mwone baba akifungua buti la gari lake. Katika gari hili betri haiko mbele chini ya boneti. Waliolitengeneza waliiweka nyuma, ili pua ya gari isiwe nzito na lipinde kona vizuri. Akakuta kijibetri kidogo, kimefungwa kote, hakina hata mahali pa kuongezea maji, na kimpira chembamba kinatoka ubavuni kwake na kuzama kwenye sakafu.

“Maitu,” akaniambia kwa simu. Huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ni binti yake wa kwanza na nimechukua jina la mama yake. “Wajapani wamenicheza. Wameniwekea betri ya bodaboda.”

“Si ya bodaboda, Baba. Ndiyo yake.”

“Nimeinua kwa mkono mmoja!”

“Imeundwa hivyo.”

“Basi mimi nimeshaunda tena. Njoo uone.”

Nilikwenda Jumamosi mchana. Ndani ya buti alikuwa ameweka betri ya sola, ile ya kuhifadhi umeme wa jua nyumbani. Haikutosha kwenye kisahani chake, kwa hiyo aliiweka juu ya ubao na kuikaza kwa mpira wa tyubu, kama zamani. Vichwa vyake, pale waya zinaposhikwa, vilikuwa vinene kuliko vishikio vya gari, kwa hiyo aliviunganisha kwa vipande vya waya wa nyumba. Kile kimpira chembamba kilining'inia hakina kazi. Akazungusha ufunguo na gari likawaka. Akanitazama kama mtu aliyemaliza mjadala.

“Iwashe tena kesho asubuhi,” nikamwambia.

“Betri haijui saa, Maitu.”

Nililala kwao. Asubuhi ilikuwa ya Julai, na unaijua baridi yetu ya Julai, ukungu umelala juu ya mabati na kila mtu anaongea na moshi mdomoni. Baba akatoka na koti lake zito, akaketi, akazungusha ufunguo. Taa zote ziliwaka. Redio ikaimba kwaya. Injini ikasema “tik.” Akajaribu tena. Tik.

Mama alikuwa dirishani jikoni na kikombe cha chai. “Hiyo sijaihesabu,” akasema. “Sikuwa ndani.”

Tulipokaa mezani nilimweleza baba kama ninavyokueleza wewe. Kuna njia mbili za kutumia maji. Ya kwanza ni kuchota kikombe kimoja kimoja kutwa nzima, na hivyo ndivyo taa, redio na televisheni zinavyotumia umeme. Ya pili ni pale jiko linaposhika moto na unataka ndoo nzima imwagike kwa mara moja. Kuwasha injini ni kuzima moto. Ile mota ndogo inayoisukuma injini mwanzoni, stata, inataka umeme mwingi mno kwa muda wa kupiga chafya, halafu haitaki tena. Betri ya sola ni lile tangi jeusi mlangoni lenye bomba jembamba: maji ya mfereji yakikatika litakuhudumia wiki nzima, lakini moto huwezi kuuzima kwa lile bomba. Betri ya gari ni ndoo. Haina maji mengi, lakini yote hutoka pamoja, kwa sababu mabamba yake ni membamba na ni mengi.

“Tangi ni kubwa kuliko ndoo,” baba akasema. “Umejijibu mwenyewe.”

Usicheke. Mtu akishikilia jambo ambalo limemfaa maisha yake yote, ana sababu. Na sitaki nikudanganye: betri kubwa sana ya sola inaweza kuwasha injini ndogo, hasa wakati wa jua na ikiwa imejaa. Ya baba ilikuwa ya ukubwa wa wastani, asubuhi ilikuwa ya baridi, na baridi hupunguza nguvu ya kila betri. Tena umeme ulikuwa unajipenyeza kwenye waya uliotengenezwa kwa ajili ya balbu. Nilijaribu kumweleza hayo pia. Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

Aliyemaliza ni mama, akichambua maharagwe ya githeri, bila kuinua kichwa.

“Mzee, unakumbuka yule jirani wa maziwa?”

“Yupi?”

“Aliyekuja asubuhi kuazima betri ya televisheni. Pikapu yake ilikuwa imekataa na maziwa yanaganda. Ukampa.”

“Haikuwaka,” baba akasema. “Pikapu ilikuwa mbovu.”

“Hiyo ndiyo ulisema. Kisha akapata betri ya ile lori ya majani chai, kuukuu, imepasuka mdomo, na ikawaka.”

Baba akaweka kijiko chini. “Haiya,” akasema. “Na ile yangu nilikuwa nimetoka tu kuichaji.”

“Na jioni tuliangalia mpira nayo mpaka mwisho,” mama akasema, na kuendelea na maharagwe yake.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukakutana na baba Thika. Nilimwambia alete betri zote mbili, ile ndogo iliyokufa na ile ya sola. Hapo kuna jambo la kukusaidia: usiende dukani na maelezo, nenda na betri yenyewe. Na kabla ya kuitoa, piga picha ya mahali ilipokaa, uone kichwa cha chanya kiko upande gani na waya unafika mpaka wapi.

Duka tulilokwenda linauza betri tu. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyevaa koti la fundi, na alitukaribisha kwa viti. Baba hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye betri kubwa kuliko zote, akainua kwa mikono miwili, akafumba macho.

“Mzee,” mama wa duka akasema, “unachagua betri ama unachagua ng'ombe?”

“Ng'ombe huwa naangalia meno.”

“Basi leta hapa tuangalie meno.”

Alitoa kifaa chenye mikono miwili ya koleo na mshale. Ukikishikanisha na betri, kinaivuta umeme mwingi ghafla, kama stata inavyofanya, na mshale unaonyesha kama inastahimili. Baba akaomba kukishika yeye. Akaanza na betri yake ya sola, ambayo alikuwa ameichaji tena hadi kujaa. Mshale ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Kisha mama wa duka akaleta betri ndogo, saizi ileile ya iliyokufa, imefungwa kote. Baba akaikamata kwa koleo akiwa ameshakunja uso. Mshale ukashuka kidogo, ukasimama, ukabaki hapo.

Akarudia. Ukasimama tena.

“Kumbe huyu mdogo ana hasira,” baba akasema.

Baada ya hapo sikulazimika kusema mengi. Mama wa duka alileta na nyingine iliyofanana nayo, na ni baba aliyeziweka kando kwa kando na ile kuukuu na kuona tofauti. “Hii imegeuza kichwa,” akasema. Kweli, chanya ilikuwa upande wa pili, na waya wa gari usingefika. “Na haina tundu la kile kimpira.” Akaniuliza kimpira ni cha nini hasa. Nikamweleza kwamba betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto. Ikiwa mbele chini ya boneti, upepo unaipeperusha. Ikiwa ndani ya buti lililofungwa, gesi itakusanyika hapo, nyuma ya migongo ya walioketi. Kimpira huitoa nje, chini ya gari. Baba alifikiri kidogo.

“Mgongo wa mama yako,” akasema.

“Na wako.”

“Hiyo yenye tundu.”

Mama wa duka alituonyesha pia alama ya wakati ilipotengenezwa, kwa kuwa betri huzeeka hata ikiwa rafuni, na ile yetu ilikuwa changa. Kuukuu tukamwachia, maana risasi yake huyeyushwa ikatumika tena. Ile ya sola baba aliirudisha nyumbani. Sasa iko nyuma ya televisheni yao, na stima zikipotea Gatongora, kama zinavyopotea, mama humaliza kipindi chake.

Kulikuwa na swali moja lililobaki, nami nililifikia tukifunga betri mpya nyumbani kwao, buti likiwa wazi: kwa nini ile ya kwanza ilikufa. Haikuwa na kosa. Gari la kutumika mara moja moja linalala siku nyingine zote, lakini saa yake na king'ora chake havilali; vinakunywa kidogo kidogo, na betri ndogo haina kingi cha kunywewa. Dawa yake ni chaja ndogo ya ukutani, mara moja kwa wiki.

“Siku gani?” baba akauliza.

“Yoyote. Jumamosi, kwa mfano.”

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kamakis. “Kwa hivyo tumerudi Jumamosi.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi zote zilizobaki nilimpigia simu, na kila mara alikuwa gereji, amekaa kwenye kigoda karibu na chaja, akisubiri taa ya kijani, ingawa nilimwambia haihitaji mtu.

Siku ya shukrani sisi watoto tulikuwa ndani ya gari langu, nyuma yao. Baba alikuwa amevaa suti. Paa lilikuwa wazi na asubuhi ilikuwa bado na baridi. Gari liliwaka. Mama alikuwa amesimama pale mlangoni na mkoba wake, kitambaa cheupe kichwani, akilitazama kwa muda. Kisha akashika mkono wa baba akashuka kwenye kiti chake. Tukadhani yamekwisha.

Tulipofika njia panda, badala ya kushika njia ya Thika, gari la kijani likapinda upande mwingine. Ndugu yangu akauliza wanakwenda wapi. Mama alitueleza baadaye kwamba alimwambia baba maneno mawili tu: “Pitia Kamakis.”

Wachomaji walikuwa ndiyo kwanza wanawasha makaa. Vijana wa kuosha magari walikuwa wakinyoosha mipira yao ya maji. Baba akasimama palepale, karibu na bucha alikonunua ile nyama. Nilisimama nyuma yao na kufungua dirisha.

“Zima,” mama akasema.

Baba akamgeukia. “Tutachelewa.”

“Zima, Mzee.”

Akazima. Kukawa kimya kiasi cha kusikia maji yakimwagika. Kijana mmoja akainua kichwa. “Eh! Mathe amerudi! Jamaa, kujeni, leo tunasukuma tena!” Wakaja wanne, wakikausha mikono kwenye suruali. Mama aliwanyooshea kiganja, wasimame hapohapo. Nao wakasimama.

“Sasa washa,” akamwambia baba.

Niliona bega la baba likiinuka. Akazungusha ufunguo.

Injini ikashika hata kabla hajauachia. Vijana wakapiga makofi, mmoja akapiga saluti. Mama hakutabasamu, lakini aliuweka mkoba wake chini, miguuni, akauegemeza mgongo wake kwenye kiti, na kufunga mkanda ambao mpaka wakati huo alikuwa hajaufunga. Waliingia uwanja wa kanisa wawili, dakika chache baada ya kengele. Gunia la viazi halikuhitajika.

Kwa hiyo nenda na betri yako kuukuu dukani, linganisha vichwa, tafuta tundu la kimpira, ipime mbele ya macho yako. Ukishaifunga, ishike kwa mikono miwili uitikise, ikicheza, kaza. Kisha subiri asubuhi ya baridi, uliwashe gari, ulizime, uliwashe tena, ndipo umwite mtu aje kuketi kando yako.